Bi Mwaija na Majogoo Saba

Nikiwaita, mtaitika?

Tutaitika.

Nikiwapa, mtapokea?

Tutapokea kwa mikono miwili.

Basi sogeeni. Aliye nyuma aje mbele, mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Ninachowapa leo nilipewa na bibi mzaa mama. Yeye alikuwa akikisimulia huku anapepeta mchele, na kila alipofika mahali pa huzuni ungo ulisimama, sisi wajukuu tukajua tunyamaze.

Hapo kale, kale ambayo hata wazee wa wazee wetu waliisikia tu, watu na wanyama walizungumza lugha moja. Ukikutana na mbuzi njiani mnasalimiana, mnaulizana habari za nyumbani. Ukichelewa kufungua banda, kuku wanakuita kwa jina lako. Haukuwa wakati mwepesi, maana mnyama anayezungumza ana maswali yake na yanataka majibu. Lakini nyumba za wakati ule hazikuwa kimya kama nyumba zetu za leo.

Katika kijiji cha Kwamkole, chini ya vilima, aliishi mama mmoja jina lake Bi Mwaija, pamoja na mumewe Mzee Shekue. Watoto wao walikuwa wameoa na kuolewa mbali. Wakabaki wao wawili, shamba la mihogo, na kuku wao.

Mzee Shekue ndiye aliyekuwa mtu wa kuku. Asubuhi atakaa kizingitini, mswaki mdomoni, kuku wamemzunguka, naye anawasikiliza shida zao mmoja mmoja kama hakimu. Jogoo wao mzee alipokufa kwa ugonjwa wa kideri, Mzee Shekue hakula siku nzima.

Baada ya hapo, kuku mmoja aliyeitwa Kishungi, kwa sababu ya manyoya yaliyomsimama kichwani, akaanza kuatamia. Mzee Shekue akamchagulia mayai kumi. Kila yai alilishika juani, akaligeuza huku na huku, akalipima kwa vidole.

"Mayai ya mviringo hutoa majike," akamwambia mkewe. "Marefu hutoa madume. Haya yote kumi ni ya mviringo. Utakuwa na matetea mpaka uchoke kuokota mayai."

"Wewe na macho yako hayo," Bi Mwaija akasema.

"Macho yangu yana nini? Si ndiyo yaliyokuchagua wewe?"

Siku ya kumi na tisa ya kuatamia, Mzee Shekue akashikwa na homa. Siku ya ishirini hakuamka. Siku ya ishirini na moja akazikwa, na wakati wanawake wamejaa ndani wanalia, vifaranga wakaanza kugonga maganda kule bandani. Wakatoka kumi kwa kumi.

Bi Mwaija akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nje ya ua wake. Wageni walikuja mwanzoni, halafu wakapungua, kila mtu akarudi kwenye jembe lake. Waliobaki naye ni wale vifaranga. Akienda jikoni, wako nyuma yake. Akikaa mkekani kusuka ukili, wanapanda mapajani.

"Mama," walikuwa wakimuuliza, "huyo aliyetuchagua alikuwa mtu gani?"

Naye huwaambia. Alikuwa mrefu, alikuwa na mzaha, alikuwa hali muhogo mpaka uchomwe. Wao wanainamisha vichwa upande kusikiliza, jicho moja kwake, jicho moja ardhini kutafuta mchwa. Wakimaliza kusikia wanasema, tuambie tena. Na yeye anawaambia tena.

Hivyo ndivyo miezi ilivyokwenda.

Eda ilipokwisha, vifaranga nao walikuwa wameisha. Waliobaki uani ni kuku wakubwa. Siku moja mmoja akawa na upanga mwekundu kichwani, bado pora, hajui kuwika. Kesho yake wa pili. Kisha wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, wa saba. Matetea walikuwa watatu tu. Mzee Shekue alikuwa amekosea mayai saba kati ya kumi. Bi Mwaija alicheka peke yake jikoni, akacheka sana, mpaka kicheko chenyewe kikageuka kitu kingine akajifuta kwa upande wa khanga.

Basi wakawa majogoo saba. Wa kwanza kutoka yaini alikuwa Kidari, mwenye kifua kipana. Halafu Kijivu, Madoa, Mfupi, na Mwekundu. Na wawili wa mwisho walikuwa weupe wote, wamefanana hata mama yao Kishungi huwachanganya, kwa hiyo wakaitwa Weupe.

Walipokuwa vifaranga walilala kwenye ungo mmoja. Sasa ua ukawa hauwatoshi. Asubuhi wanapigana, mchana wanapigana, jioni wanapigana nani alale juu. Banda lile lilikuwa na majike watano tu: Kishungi, kuku mzee mwenzake, na wale matetea watatu. Majogoo saba kwa majike watano. Majike wakanyonyoka migongo mpaka ngozi ikaonekana. Wakawa wanajificha chini ya kitanda cha Bi Mwaija, mayai yakakatika. Weupe walikuwa wabaya kuliko wote. Walimdonoa tetea mmoja jicho likafumba. Pumba ya wiki ikawa haifiki siku tatu.

Jirani yake Bi Mwaija alikuwa Bi Namkunda, mwanamke wa maneno mafupi. Majogoo walipofukua tuta lake la mchicha, alikuja hadi jikoni.

"Dada, banda lako linataka jogoo mmoja," akasema. "Hawa sita wengine unawafugia nini?"

"Nitaamua, shoga."

"Lini?"

"Nitaamua tu."

Wiki ya pili akaja tena, akauliza vilevile, akajibiwa vilevile. Wiki ya tatu akaja akasimama mlangoni, akamtazama Bi Mwaija usoni, akaondoka bila kuuliza.

Na si kwamba Bi Mwaija hakujua la kufanya. Alilijua tangu siku ile alipowahesabu. Wakati wa mumewe alichinja kuku wengi, na hakuwahi kusita. Lakini hawa walichaguliwa na mikono ya Mzee Shekue, na walikuwa wakimwita mama. Alichukua kisu akakinoa, akakirudisha. Alichukua tenga ampelekee mtu jogoo, akalitundika tena. Alisema kesho. Kesho ikifika, anasema kesho.

Sasa, yupo mnyama aliyekuwa akisikia haya yote kutoka kichakani. Nani?

Kicheche.

Kicheche huyo. Alasiri moja akaja, amevaa kizibao, amejipaka majani ya mrehani mwili mzima kuficha harufu yake, ananukia kama bwana harusi. Mkononi ana kikapu chenye kifuniko.

"Hodi hapa. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimekaribia. Bibi, nimesikia una majogoo wengi. Mimi natoka ng'ambo ya kilima. Kule kwetu hakuna hata jogoo mmoja. Watu wanalala mpaka jua linawachoma nyayo. Wamenituma nitafute jogoo wa kutuamsha. Wakimpata watamlea kama mtoto."

Bi Mwaija moyo wake ukawa mwepesi ghafla, kama mtu aliyepokewa mtungi kichwani.

"Hawatamchinja?"

"Wamchinje, nani awaamshe?"

"Nitajuaje kwamba kafika salama?"

"Alfajiri utamsikia mwenyewe. Atawika kutoka juu ya kilima."

Bi Mwaija akamshika Kijivu, akambusu utosini, akamtia kikapuni. Kicheche akaenda zake. Na alfajiri, kweli, sauti ikatoka kilimani:

Kokorikoo, nimefika.
Kokorikoo, nimeshiba.

Bi Mwaija akamshukuru Mungu, akaenda kuteka maji huku anaimba.

Baada ya siku tatu Kicheche akarudi. "Bibi, yule Kijivu wamempa majike wanne. Sasa mtaa wa pili wanalia, na wao wanataka wa kwao." Bi Mwaija akamtia Madoa kikapuni. Alfajiri, sauti ikatoka kilimani:

Kokorikoo, nimefika.
Kokorikoo, nimeshiba.

Safari hii Bi Mwaija alisikiliza akiwa bado kitandani. Kitu kikamgusa sikioni, kidogo, kama nywele. Akageukia ukutani.

Baada ya siku tatu nyingine Kicheche akarudi, kizibao kimeanza kumbana tumboni. "Bibi, Madoa wanamlisha mtama mweupe. Kuna mwanamke mgonjwa, anataka jogoo mdogo tu, wa kumchangamsha." Bi Mwaija akamtia Mfupi kikapuni. Hakumbusu. Alitazama pembeni wakati kifuniko kinafungwa. Alfajiri, ile sauti ikaja tena:

Kokorikoo, nimefika.
Kokorikoo, nimeshiba.

Asubuhi ile Kishungi hakutoka bandani. Bi Mwaija akampelekea chenga za mahindi, akakuta amekaa pembeni kama anaatamia, na chini yake hakuna kitu.

"Kula, mama watoto," Bi Mwaija akasema.

"Mama, nikuulize," Kishungi akasema. "Mwanangu Kijivu alikuwa anawikaje?"

Bi Mwaija akaacha kumwaga chenga.

"Sauti yake ilikuwa ikipasuka mwishoni," Kishungi akasema. "Madoa aliivuta, aliivuta mpaka pumzi ikamwishia. Mfupi alikuwa hamalizi, alikatiza katikati kama aliyeitwa. Mimi niliwasikia wakijifunza, kila mmoja na ya kwake. Sasa wamekwenda watatu, na kilimani inatoka sauti moja."

Bi Mwaija akakaa chini pale pale kwenye mavi ya kuku. Kwa sababu alijua. Alijua tangu ile alfajiri ya pili, alipogeukia ukutani. Mzee Shekue alikuwa na desturi ya kuwatambua kuku kwa sauti zao kabla hajafumbua macho, na yeye alijifunza kusikiliza hivyo kwake miaka thelathini. Si masikio yaliyoshindwa.

Kidari alikuwa mlangoni mwa banda, amesikia.

"Mama," akasema, "atarudi. Akirudi, mwambie anichukue mimi. Lakini aniache niseme naye kwanza."

Baada ya siku tatu Kicheche akaja. Bi Namkunda alikuwepo uani, amekuja kufua naye, kwa sababu Bi Mwaija alimwita na kumwambia yote. Beseni la maji ya nguo lilikuwa katikati yao.

"Shikamoo, bibi. Kule wote wanakusalimu."

"Marahaba. Leo mchukue huyu mkubwa," Bi Mwaija akasema. "Weka kikapu hapo."

Kicheche akamtazama Kidari, kile kifua, akameza mate.

Kidari akasogea kwa adabu. "Mjomba, mimi ni mshamba. Sijapata kutoka kijijini hapa. Nasikia kila nchi ina namna yake ya kuwika. Nikifika nikawika kwa namna ya huku, si watanicheka?"

"Hawakucheki."

"Watanicheka, mjomba. Watasema jogoo gani huyu hajui hata kuwika. Na aibu itakuwa yako uliyenileta. Nifundishe kidogo. Kule wanawikaje?"

Kicheche alikuwa na haraka, tumbo linamuita. Na kusema kweli alikuwa anajivunia ule ufundi wake. Alikuwa ameufanya mara tatu kilimani pasipo mtu wa kumsifu. Akatazama huku na huku, akakohoa, akanyoosha shingo:

Kokorikoo, nimefika.
Kokorikoo, nimeshiba.

Matetea waliokuwa uvunguni wakachungulia.

"Ndiyo hiyo," Kidari akasema taratibu. "Ndiyo niliyoisikia alfajiri tatu."

Bi Mwaija akainama akafunua kikapu. Ndani, kwenye misuko ya ukili, yalikuwa yamenasa manyoya: moja la kijivu, mawili ya madoadoa, na vijinyoya vidogo vya kifua, laini, vya jogoo ambaye hakuwa amemaliza kukua.

"Umewala," akasema.

Kicheche hakukana. Alirudi nyuma hatua moja, akaacha kunyenyekea, uso wake ukawa uso wake.

"Nimewala, bibi. Lakini mara tatu nimekuja hapa, na mara tatu umenipa kwa mkono wako. Hukuniuliza jina la kijiji. Hukuniuliza jina la mtu. Hukusema, ngoja nivae viatu nikusindikize nikaone. Wewe ulitaka waondoke na usijue wamekwenda wapi. Mimi nimekufanyia hilo."

Bi Namkunda hakuwa mtu wa kusikiliza hotuba. Akainua beseni, akammwagia Kicheche maji yote ya nguo, kutoka kichwani hadi mkiani. Mrehani ukaosheka, ukaenda na povu. Ile harufu yake iliyokuwa imefichwa ikatoka, ikajaa ua, ikavuka ua, ikaingia njiani. Mbwa wa Kwamkole wakainua pua. Kicheche akaacha kizibao, akaacha kikapu, akakimbilia kichakani na mbwa nyuma yake. Wanasema tangu siku ile mrehani humkataa mwilini, na kila aendako harufu yake humtangulia kupiga hodi.

Lakini Bi Mwaija hakucheka. Bi Namkunda alipoondoka, alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, yale manyoya mkononi, akalia. Alilia kwa ajili ya Kijivu na Madoa na Mfupi. Akalia kwa ajili ya Mzee Shekue, ambaye hakuwa amemlilia sawasawa, kwa sababu kila alipotaka kulia kulikuwa na vifaranga wa kulisha.

Kishungi akaja akasimama karibu naye.

"Nilidhani nawahurumia," Bi Mwaija akasema.

"Ulikuwa unajihurumia, mama," Kishungi akasema, bila ukali. "Mzee angekuwepo ungemwachia yeye. Hayupo, ukamwachia Kicheche."

Kesho yake asubuhi Bi Mwaija alioga, akavaa khanga safi, akakaa kizingitini. Akawaita majogoo wanne waliobaki. Wakaja, wakapanga mstari. Mikono yake ilikuwa magotini, akaitazama kwanza.

"Wanangu," akasema, "nitawaambia jambo, na nitawaambia yote. Ua huu ni wa jogoo mmoja. Ningewaambia mapema, ndugu zenu wasingekufa kikapuni kwa mwizi. Hilo ni kosa langu, na sina wa kumsukumia. Leo nimeamua."

Kisha akamtazama mwenye kifua kipana.

"Kidari utabaki hapa. Mwekundu, wifi yangu Bi Mwanjaa wa Mtindini jogoo wake amekufa, na matetea wake wanataga mayai yasiyoanguliwa. Nitakupeleka mwenyewe, kwa miguu yangu, nilale huko siku mbili nikuone umepokelewaje. Naye atanipa tetea mmoja."

Akawageukia wawili wa mwisho. Lililobaki ndilo lililokuwa zito.

"Weupe," akasema. "Ninyi mmewaumiza majike. Mmemdonoa mwenzenu jicho. Siwezi kuwapeleka kwa mtu mwingine mkamfanyie hivyo. Ninyi nitawachinja. Ijumaa ijayo, mimi nikiwapo, shehe atawasomea bismillahi, na hamtaliwa na mwizi kichakani. Mtaliwa na watu waliombeba mume wangu hadi kaburini, ambao sijawapa hata kikombe cha maji ya shukrani."

Weupe walitazamana. Wa kwanza akasema, "Sisi tunajua tulivyo, mama. Tangu tuote panga vichwani tunajua. Usiku bandani ndiyo mazungumzo yetu. Kilichotutesa ni kukuona ukinoa kisu ukakirudisha, ukanoa ukakirudisha. Kila mara tulikufa."

"Nimekosa," Bi Mwaija akasema.

"Kisu kiwe kikali," akasema wa pili. "Na hizi siku zilizobaki tupe mahindi, si pumba."

"Nitawapa mahindi."

Kisha Kishungi akasema, "Siku hiyo mimi na binti zangu utupeleke kwa Bi Namkunda tangu asubuhi. Sitazuia. Ila sitaki kusikia."

"Nitawapeleka," Bi Mwaija akasema.

Akafanya kama alivyosema. Alimpeleka Mwekundu Mtindini kwenye tenga, akamtembeza mwenyewe uani kwa Bi Mwanjaa, akaona analala wapi na anakunywa wapi, akarudi siku ya tatu na tetea wa rangi ya majivu. Weupe walikula mahindi mpaka vifua vikawa vizito. Kwa ajabu, siku hizo hawakupigana. Walilala kivulini, mabawa yamegusana, kama walivyolala kwenye ungo zamani.

Ijumaa ilipofika, Bi Mwaija aliwashika yeye mwenyewe, mmoja mmoja, mpaka mwisho. Hakutazama pembeni.

Baada ya sala watu wakaja. Wachimba kaburi wakaja, wabeba jeneza wakaja, wanawake waliolala naye msibani wakaja. Mikeka ilitandikwa hadi nje ya ua. Kulikuwa na wali wa nazi, na mchuzi wa jogoo uliochemka tangu asubuhi, maana jogoo wa kienyeji hataki haraka. Watu wakala, wakamtaja Mzee Shekue. Mmoja akakumbuka alivyokuwa akiwapigia kuku mluzi mmoja mmoja. Mwingine akakumbuka siku alipoanguka mtoni akijaribu kuokoa bata ambaye alikuwa anajua kuogelea. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Bi Mwaija akacheka nao. Lilikuwa ni jina ambalo kwa miezi mingi alilitaja kwa kuku tu.

Akaingia jikoni kupakua chungu cha mwisho. Upawa ukaibua firigisi.

Nyinyi mnajua firigisi ni ya nani. Kwa desturi ya wakati ule, kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mtoto haombi, mke haonji. Kwa miaka thelathini Bi Mwaija alikuwa akiipakua, anaiweka pembeni ya sahani ya Mzee Shekue, na hakujua hata ladha yake. Sasa akasimama nayo kwenye upawa, mvuke unampiga usoni, asijue aiweke wapi. Akafikiria shehe. Akafikiria mkubwa wa wachimba kaburi. Nyumba haikuwa na baba.

Bi Namkunda alikuwa ameingia kuchukua maji. Akaona. Akachukua sahani safi, akaikinga chini ya upawa, firigisi ikaanguka humo. Akaongeza wali kidogo. Akamkalisha Bi Mwaija kwenye kigoda, akamwekea sahani mapajani.

"Kula, dada," akasema. "Mwenye nyumba ni wewe."

Bi Mwaija akaitia mdomoni. Ilikuwa ngumu kidogo, kisha ikalainika. Akaila yote, taratibu, mpaka ikaisha.

Hapo bibi yangu ndipo ungo wake uliposimama muda mrefu kuliko pote. Kisha hutuambia, nami nawaambia ninyi: jambo lililo lako kuamua, liamue mchana, kwa mdomo wako, mbele ya wale linaowahusu. Usimkabidhi anayekuja ananukia vizuri ili tu usilitazame. Na unayempenda mwambie kweli, hata kama kweli hiyo ni kisu, kwa sababu kusubiri bila kuambiwa kunaua mara nyingi.

Hadithi nimeileta kwa miguu, sasa imefika kwenu. Mliopokea, mmepokea?

Tumepokea.

Basi itunzeni, nayo itawatunza. Mimi nimetua mzigo, nipeni maji ninywe.